Picha Unayoikataa

Mtu wa huku kwetu akiulizwa habari, hujibu "nzuri" kabla hajafikiri. Atajibu "nzuri" akiwa kitandani hospitalini, atajibu "salama" akiwa ametoka makaburini. Huo si uongo, ni adabu: kwanza tunafunguliana mlango, mengine yatafuata tukishaketi. Ndipo linapokuja lile neno dogo, "ila". Nzuri, ila mtoto hakulala. Salama, ila yule mzee tumempoteza. Habari yenyewe hukaa baada ya "ila", na anayejua kusikiliza husubiri hapo.

Siku hizi wengi wetu hatufiki kwenye "ila". Tunaishia "poa", "freshi", au lile jibu zito kuliko yote, "nipo tu". Simu nazo zimeliona pengo hilo. Zimekuja programu za akili mnemba zinazokualika ubonyeze kitufe, uongee kwa dakika moja au mbili unavyojisikia, kisha zikupe picha: hii ndiyo hali ya moyo wako leo. Ahadi yake ni kubwa. Ukiiona hisia yako nje ya mwili wako, ikiwa na rangi na umbo, utajitambua.

Nimeitumia moja ya programu hizo kwa wiki tatu, na sikuingia kwa dharau. Haja inayodai kuitimiza ni ya kweli. Mtu anayeshindwa kusema kinachomkera anaweza kuishi nacho miaka kumi akidhani ndiyo tabia yake. Lakini nimetoka na shaka moja ninayotaka kuieleza vizuri: picha hizi zinakuja haraka mno na zinapendeza mno, kiasi kwamba tunazikubali kabla ya kuziuliza chochote. Na picha inayomfundisha mtu juu ya nafsi yake, kwa kadiri ninavyoona, ni ile ambayo kwanza ameweza kuiambia hapana.

*

Tuanze na sauti, maana ndiyo malighafi. Unapoongea, programu ya aina hii kwa kawaida hugeuza sauti yako kuwa maandishi, maandishi kuwa namba, na namba ndizo zinazoongoza utengenezaji wa picha. Kila mlango hutoza ushuru wake. Kwenye mlango wa kwanza tu, sauti huvuliwa karibu kila kilichoifanya iwe yako. Chukua neno "haya". Mama anaweza kulitamka kwa kuruhusu, kwa kutisha, kwa kukata tamaa, kwa kuaga, au kwa kumaliza ugomvi bila kukubali kwamba ameshindwa. Likiandikwa, ni herufi nne zilezile. Msonyo hauandikiki. Ile pumzi anayoivuta mtu kabla ya kulitaja jina la marehemu haiandikiki. Kimya cha sekunde tano katikati ya sentensi huhesabiwa kuwa si kitu, na pengine ndicho kilichobeba ujumbe wote.

Mlango wa mwisho nao una mambo yake. Mitambo ya kutengeneza picha hufundishwa kwa picha zilizokusanywa mtandaoni pamoja na maelezo yaliyoandikwa kando yake. Mkusanyiko mmoja unaojulikana sana, LAION-5B, ulipotolewa mwaka 2022, ulikuwa na jozi zaidi ya bilioni 5.8 za picha na maelezo, na takriban bilioni 2.3 kati ya hizo zilikuwa na maelezo ya Kiingereza. Sasa fikiria ni nani hasa anayeweka picha mtandaoni na kuandika kando yake kwamba hii ni huzuni. Mara nyingi ni muuza picha, mtengeneza matangazo, mwenye tovuti anayetafuta wasomaji. Aliyefiwa hana muda wa kazi hiyo. Kwa hiyo mtambo unaijua vizuri sura ya huzuni inayouzwa, na unaijua kidogo sana ile inayokaa kifuani.

Niliijaribu kwa Kiswahili, kwa misemo mitatu ya kawaida. Nilisema kwamba nilisafiri usiku "roho mkononi". Nikapewa viganja viwili vikiwa vimebeba mwanga wa samawati, kama tangazo la mafuta ya ngozi. Kila aliyewahi kupanda basi la usiku lenye dereva mkorofi anajua kwamba roho mkononi ni hofu, tena hofu ya mwili mzima. Nikasema nina "moyo mzito" kuhusu safari fulani. Nikapewa msichana dirishani, mvua inanyesha, shavu limeegemea kioo. Lakini mwenye moyo mzito kwa Kiswahili hana lazima ya kuwa na huzuni. Anasitasita, miguu haimpeleki. Mtambo ulisikia Kiswahili ukaelewa Kiingereza. Mwisho nikasema nina "fundo moyoni". Nikapewa moyo mwekundu uliozungushiwa kamba, msafi, unang'aa, unaofaa kabisa kwa kadi ya siku ya wapendanao.

Mtu anaweza kusema kosa hili litarekebishwa. Mitambo itasoma Kiswahili zaidi, itaijua tofauti ya moyo mzito na huzuni. Naamini hivyo. Lakini hata siku itakayopatia, swali langu litabaki palepale, kwa sababu tatizo kubwa zaidi ni kile kilichonitokea mimi mwenyewe. Ile picha ya msichana dirishani haikuwa yangu, na bado niliitazama kwa dakika nzima nikaanza kuhuzunika. Ilikuwa nzuri. Ilinipa hisia ambayo sikuwa nayo, nami nikaipokea kama zawadi. Kioo kibovu tunakijua kwa sababu kinatupotosha sura. Hiki hupamba, na anayepambwa mara chache hulalamika.

*

Wanaotetea programu hizi husema kwamba sayansi iko upande wao. Kuna ukweli ndani yake, ila tuusome wote.

Mwaka 2007, Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti ambao washiriki walionyeshwa nyuso zenye hisia huku ubongo wao ukipimwa. Walipochagua neno la kuitaja hisia ile, shughuli katika amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika sana na hofu, ilipungua. Kutaja jina la hisia kunatuliza. Lakini angalia mwelekeo wa safari: mshiriki alianza na picha akaishia kwenye neno, na kazi ya kuchagua neno ilikuwa yake. Programu niliyoitumia inageuza mwelekeo. Unaanza na neno, unapewa picha, na safari inaishia hapo. Kitufe cha mwisho kwenye skrini hakikuulizi lolote. Kimeandikwa "shiriki".

Utafiti mwingine, wa mwaka 2016, ulioongozwa na Girija Kaimal wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, ulichukua watu wazima 39 wakae dakika 45 wakichora, wakifinyanga udongo au wakibandika vipande vya karatasi. Takriban robo tatu yao walipungukiwa na kotiso, homoni inayohusishwa na msongo, na uzoefu wa sanaa haukuleta tofauti ya maana. Ni habari njema kwa sisi ambao penseli ilitushinda tangu darasa la pili. Lakini hapa pia ni mikono yao iliyofanya kazi. Dakika 45 si sekunde nane.

Hata jina lenyewe la tiba kwa sanaa lilizaliwa katika kazi ya mikono. Mchoraji Mwingereza Adrian Hill alilazwa kwa kifua kikuu mwaka 1938, akaanza kuchora vitu vilivyokuwa karibu na kitanda chake, kisha akawavuta wagonjwa wenzake. Jina hilo analihusishwa nalo tangu mwaka 1942. Huko Marekani, Margaret Naumburg alisisitiza jambo ambalo naliona la msingi kuliko yote: mwenye kuifasiri picha ni aliyeichora. Mgonjwa huchora bila kupanga, kisha huizungumzia picha yake, na katika kuizungumzia ndipo anapojisikia akisema asichokitarajia. Neno, picha, halafu neno tena. Kwenda na kurudi. Anayekwenda bila kurudi hawezi kusimulia safari.

*

Mfano ulio wazi zaidi wa safari hiyo upo kwenye picha ambayo karibu kila mwenye simu anaibeba bila kujua. Ile emoji ya uso uliofinywa kwa viganja, mdomo wazi, inakumbusha picha ya Edvard Munch wa Norwei, ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita Yowe. Wengi tunaijua kama alama. Wachache tunajua kwamba ilianza kama maneno.

Mnamo Januari 1892, akiwa Nice, Ufaransa, Munch aliandika kwenye shajara yake jambo lililompata. Alikuwa akitembea na marafiki wawili jua likitua. Anga likawa jekundu kama damu. Marafiki wakaendelea na safari, yeye akasimama akitetemeka, akahisi yowe kubwa likipita katika maumbile yote. Mwaka huohuo akachora. Picha ile, aliyoiita Kukata Tamaa, ina kila kilichomo kwenye maneno: anga jekundu, daraja, marafiki wanaoondoka, na mtu mwenye kofia ameegemea ukingo, anaonekana kwa upande, ameinamisha kichwa. Ni picha nzuri. Kama programu ingemrudishia Munch picha hiyo kutokana na shajara yake, angepaswa kuridhika, maana kila nomino imechorwa.

Hakuridhika. Mwaka 1893 alirudi mahali palepale, daraja lilelile, anga lilelile, marafiki walewale wawili nyuma. Alichokikataa ni yule bwana mwenye kofia. Mtu anayetazama machweo kwa upande ni mtu mwenye huzuni ya kistaarabu. Tunamtazama yeye akitazama. Munch akamgeuza atukabili. Akamvua kofia, nywele, jinsia na umri, akamwachia fuvu na viganja. Tena ukiyasoma maelezo yake, yowe halitoki kinywani mwa yule mtu. Linatoka kwenye anga na bahari, naye ameziba masikio. Kati ya 1892 na 1893 kuna hapana moja, na ndani ya hapana hiyo mchoraji aligundua kitu ambacho maneno yake yalikuwa yamekisema bila yeye kukiona: hakuwa akihuzunika, alikuwa akivamiwa.

Na hakuacha. Alilirudia yowe kwa rangi za chaki, kwa chapa ya jiwe, na tena kwa rangi miaka mingi baadaye. Kwenye ile ya chaki ya mwaka 1895, iliyouzwa mwaka 2012 New York kwa karibu dola milioni 120, aliyaandika maneno yake kwenye fremu. Kwenda na kurudi: maneno yakawa picha, picha ikaitisha maneno yarudi yakae chini yake.

Picha yenye maneno chini yake. Mswahili yeyote anajua alishakiona wapi kitu hicho.

*

Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Pindo huzunguka, mji ni ile picha ya katikati, na jina ni yale maneno yaliyochapwa chini. Vazi hili lilikua pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19, na desturi ya kuandika jina huhusishwa sana na mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye alama yake ya "Mali ya Abdulla" bado inatajwa na wauza leso. Mwanzoni maneno yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa hizi za Kirumi. Kwa zaidi ya miaka mia moja, basi, wanawake wa pwani wamekuwa wakigeuza la moyoni kuwa kitu cha kuonekana, tena bila kulitamka.

Najua pingamizi linalokuja. Kanga nayo ni bidhaa. Maneno yake hayakutungwa na mvaaji, mji wake umechorwa na mtu asiyemjua, na doti hiyohiyo imenunuliwa na maelfu. Inatofautianaje na picha ya mtambo?

Jibu liko dukani. Nenda Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, au Barabara ya Biashara, Mombasa, usimame ukawatazame wanunuzi badala ya kutazama nguo. Mama anafunuliwa kanga ya kwanza, anasoma, anaikunja. Ya pili, anasoma, anacheka, anaikunja. Hii rangi nzuri, jina halifai. Hii jina linafaa, lakini nikivaa mtaani kwetu watasema namsema fulani. Hii ina ukali kuliko ninachokihisi. Hii ina upole ambao bado sijaufikia. Anaweza kukataa kanga kumi na tano, na kila anapokataa anajipima: hasira yangu ni ya kiasi gani, na ni ya nani? Anapoipata, anajua. Yeye hakutunga neno lolote, lakini uteuzi ni wake, na mara nyingi mji na jina havina uhusiano wowote mpaka yeye avae na kuviunganisha.

Mtafiti Rose Marie Beck, aliyeandika kwa kina juu ya kanga kama chombo cha mawasiliano, alizichukulia kuwa ishara zenye utata. Mvaaji anaweza kukana: nimevaa tu, nguo ni nguo. Utata huo una faida ya pili. Kwa kuwa anaweza kuwakana wengine, amepata nafasi ya kujikubali mwenyewe kwanza, faraghani, kabla jambo halijawa kesi ya mtaa. Programu ya simu haina faragha hiyo. Sauti yako imeshasafiri hadi kwenye kompyuta ya kampuni kabla wewe hujajua ulichosema.

*

Nirudi kwenye fundo, maana lilikuwa na mwenyewe. Mimi na dada yangu hatujazungumza sawasawa tangu kikao cha mirathi ya mama. Nilikuwa nimejieleza mara nyingi, kwa marafiki na kwa mtambo, na kila mara maneno yalikuwa yaleyale: nyumba, hati, haki. Moyo mwekundu wenye kamba uliniudhi kiasi kwamba nilichukua kalamu ya wino na nyuma ya bahasha nikajaribu kuchora fundo lenyewe lilivyo. Kamba haikuja. Mkono ulichora kona ya kanga, imekunjwa na kufungwa, namna mama alivyofunga pesa za sokoni. Nilichora vibaya. Ilionekana kama kitunguu. Lakini nilijua ni nini, na nilipojieleza kwa sauti kilichopo kwenye karatasi nikajisikia nikisema jambo ambalo sikuwahi kulisema: kanga za mama ziligawiwa siku ya arobaini, na hakuna aliyeniuliza kama ninataka hata moja.

Nyumba bado ni jambo la kuzungumzwa, na haki ni haki. Ila fundo si kifungo peke yake. Kwa mikono ya mama yangu, fundo lilikuwa mahali pa kutunzia. Hakuna picha niliyopewa iliyonionyesha hilo, na haikuwezekana, kwa kuwa kona ile ya kanga haimo kwenye bilioni yoyote.

Sisemi tufute programu. Kwa mtu ambaye hajawahi kusema lolote zaidi ya "nipo tu", dakika moja ya kuongea na simu ni hatua. Wala sisemi penseli inatibu. Anayezama, anayefikiria kujidhuru, anahitaji mtu mwenye masikio na utaalamu, leo, kabla ya picha yoyote. Ninachosema kinahusu kazi ndogo ya kila siku ya kujijua, ambayo sasa tunauziwa kama huduma.

Kwa kazi hiyo, nina pendekezo rahisi. Jirekodi ukiongea, kisha ujisikilize kabla ya mtu au mtambo mwingine kukusikiliza. Weka alama uliponyamaza. Chora hapo, kwa chochote, vibaya. Ukitumia mtambo, itumie picha yake kama mama yule anavyoitumia kanga ya kwanza: ifunue, isome, iambie siyo hii, na ujilazimishe kusema kwa nini siyo. Mkali zaidi. Si bluu. Hakukuwa na mvua, kulikuwa na joto na watu walikuwa wanakula. Kila sababu ya kukataa ni habari kukuhusu ambayo hukuwa nayo dakika moja iliyopita. Picha ya mwisho ikipatikana, vizuri. Isipopatikana, utakuwa umebaki na orodha ya yale usiyoyahisi, na si haba.